Maiti wa Jumapili

Denzil Northcott alikuwa na kila sifa ya kuongoza matembezi ya Jumapili, isipokuwa kujua anachokisema. Mwenyewe alilitambua hilo, ila tangu astaafu kusambaza barua halikuwahi kumfunga mdomo. Shida ilikuwa Wilf Endacott, jirani yake, ambaye alisoma vitabu na kuvimaliza.

Mchungaji Harriet alitaka kumchagua mmoja wao leo awe kiongozi wa matembezi, palepale kwenye kaburi la kale ukingoni mwa nyika ya Dartmoor, Uingereza, ambako mawe yamerundikana kama mkate ulioumuka vibaya, na katikati pana kisanduku cha mawe kilicho wazi.

Wilf alianza. Akaeleza kwamba wafu wa enzi zile walilazwa kwa ubavu, magoti kifuani, ndiyo maana sanduku ni fupi. Wageni waliokuja kutembea wakaitikia kwa vichwa, kwa heshima. Denzil akaona kazi inamponyoka. Akadakia kwamba aliyezikwa humo ni babu wa mababu zake, chifu aliyemwangusha fahali kwa kumtazama tu, na sanduku lilipimwa kwa umbo la ukoo wao. Mgeni mmoja akauliza kwa upole kama hilo linaweza kuthibitishwa.

Mtu mwenye akili angesingizia mvua. Denzil akavua koti, akaingia.

Kuingia aliingia vizuri. Kutoka ndiko kulikogoma. Goti la kushoto lilijifunga, na kitambi, ambacho huyo chifu bila shaka hakuwa nacho, kikajibana kwenye jiwe.

"Wilf," akanong'ona, "nivute."

"Nikuvuteje, bwana? Mimi siingilii mambo ya ukoo."

Wilf akaendelea kueleza, sasa akionyesha kwa fimbo: hapa kichwa, hapa magoti, hapa waliweka chungu. Wageni wakasogea, wakapiga picha. Walikiri hawajawahi kuelewa kaburi kiasi hicho. Kisha watu watatu wakamng'oa Denzil kama kizibo cha chupa.

Mchungaji Harriet akatangaza kwamba Denzil amepata kazi, kila Jumapili, pamoja na chai na keki za bure. Denzil akamtupia Wilf jicho la ushindi.

"Wilf ndiye atakayeeleza, mzee wangu," mchungaji akaongeza. "Wewe utakuwa maiti. Ila nakuomba, maiti wetu asiongee."

Denzil akasema atalifikiria, akalifikiria mpaka keki ilipoletwa.

Jumapili iliyofuata alilala kwa ubavu, macho na mdomo kavifumba. Alijitahidi sana. Alivumilia mpaka Wilf alipomaliza salamu. Hapo maiti akakohoa, akaomba kuongeza neno moja tu.