Kabati la Hongqi

Xuejun alikuja msibani na maboksi. Watu wanakuja msibani na karatasi za kumchomea marehemu, na pombe, na machozi hata kama ni ya uongo. Yeye, mtoto wa baba mdogo, alikuja na maboksi matupu yamekunjwa kwenye buti la gari, na selotepu roli nzima. Niliyaona kwa dirisha alipofungua buti kutoa koti lake. Nikasema moyoni, haya bwana, ndugu wa damu huyo.

Alichokifuata ni kabati la baba. Ni kabati la vioo, limesimama hapo sebuleni kwetu, mbali na bomba la joto kwa sababu joto linaharibu rangi. Ndani yake mna magari madogo ya chuma, Hongqi tupu, kuanzia yale meusi marefu waliyokuwa wakipanda wakubwa wa China na wageni wao, hadi haya ya siku hizi wanayonunua matajiri. Na usije ukaniambia ni vitu vya kuchezea watoto, tutakosana. Milango yote inafunguka. Ukigeuza usukani kwa ncha ya kidole, matairi ya mbele nayo yanageuka. Lile la zamani la safu tatu za viti lina zulia, na lina mapazia ya kitambaa kwenye kioo cha nyuma, membamba kama utando wa kitunguu. Baba alikuwa fundi wa kupachika milango ya yale makubwa, kiwandani, hapa hapa Changchun, maisha yake yote ya kazi. Hakuwahi kuketi ndani ya hata moja.

Alianza kuyakusanya alipostaafu. Mimi wakati huo nilikuwa nimeachana na mume wangu, nimerudi nyumbani na begi langu, na majirani wanasema wanayosema. Tukawa tunakwenda wote soko la Jumapili, theluji hadi kwenye vifundo, yeye anatazama, mimi ninabishana na wauzaji. Macho yake yalipochoka, kazi ya kuyafuta vumbi ikawa yangu, kwa brashi laini ya poda na glavu za pamba. Kioo cha pembeni kikidondoka ninakigandisha mimi, gundi ninaiweka kwa ncha ya sindano na pumzi nimeibana. Mgeni akija baba anamwambia, "Kabati letu hilo. La mimi na Yaqin." Letu! Nani mwingine aliwahi kuniambia neno hilo? Yule mume wangu hata sufuria aliziita zake.

Baba alipofariki sikutaka nyumba, sikutaka chochote kingine. Nilitaka kabati libaki palepale lilipo, na mimi nibaki mbele yake na brashi yangu.

Sasa, kwetu maiti haitoki mpaka chungu kivunjwe. Ni chungu cha udongo, kinawekwa mbele ya jeneza, na karatasi zote za siku za msiba zinachomwa humo. Asubuhi ya kutoka, mtoto wa kiume mkubwa anakiinua juu ya kichwa na kukibamiza kwenye tofali, pa! mara moja tu, kisambaratike. Na aliyevunja chungu ndiye mrithi. Sheria ya serikali inasema vingine, najua, usinifundishe. Lakini sheria haikai kwenye ngazi za jengo letu ikitafuna mbegu za alizeti na kukuangalia ukipita. Mtu asiye na mtoto wa kiume anavunjiwa na mtoto wa ndugu yake. Baba alikuwa na mimi peke yangu.

Basi Xuejun alivua viatu, akapiga magoti mbele ya picha ya baba, akasujudu, yote sawasawa. Alipoinuka akaenda moja kwa moja kwenye kabati, akalifungua, akalitoa lile la safu tatu. Kwa mkono mtupu! Na kalishika kwenye antena!

"Weka chini," nikamwambia.

"Dada, naangalia tu."

"Macho yako yako kwenye vidole? Weka chini."

Akacheka. "Hivi kwenye duka moja la mtandaoni wanasema hili halitengenezwi tena. Kweli?"

"Marehemu yuko hapo nje chini ya turubai, Xuejun. Hata hajapoa."

"Ah, dada, na wewe. Nauliza tu." Akalirudisha, nyuma kaweka mbele, na alama za vidole kwenye paa utadhani katoka kula nyama kwa mkono huohuo. Nilivaa glavu nikalifuta wakati watu wananipa pole.

Asubuhi ya kutoka kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Gari la maiti liko tayari, majirani wamejaa uani, na mzee Pang, ambaye ndiye anaendesha mazishi ya mtaa wetu wote, akaita, "Mwenye chungu aje!" Xuejun akasogea na kitambaa chake cheupe kichwani. Akasimama mbele ya chungu, mikono mfukoni.

"Dada," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka ghorofa ya tatu, "kabla sijakishika, ungesema mbele ya wazee. Lile kabati ni la nani?"

Jamani. Mzee Pang akakohoa. "Kijana, hayo si ya saa hizi."

"Ni ya saa hizi, mzee. Baadaye watu wanasahau. Aseme tu neno moja nifanye kazi."

"Na nisiposema?" nikauliza.

"Basi avunje mwingine." Akatazama huku na huku, anatabasamu. Alijua hakuna mwingine.

Mzee Pang akaninong'oneza, "Yaqin, mwanangu, mkubalie. Jua likimkuta baba yako hapa ni balaa. Vigari tu hivyo."

Vigari! Kama angesema neno lingine lolote huenda ningekubali. Damu ilinipanda. Nikampita Xuejun, nikampiga kikumbo kabisa, nikainama, nikakibeba chungu na majivu yake yote. Nikasikia mzee Pang anasema, "Mwanamke hawezi, wee, mwanamke hawezi," na mtu nyuma anasema, "Toba!" Nikakiinua juu ya kichwa. Majivu yakanimwagikia usoni. Nikakibamiza kwenye tofali kwa nguvu za miaka yangu yote, na hakikubaki kipande cha kushika maji hata ya kunywa ndege.

Nilifurahi. Nasema wazi. Siku ya kumtoa baba yangu nyumbani nilifurahi, na nilijua kwamba huko aliko amegonga goti kwa kiganja na kusema, huyo ndiye Yaqin.

Nusu ya watu hawakuja kwenye tanuri la kuchomea maiti. Sawa. Waliokuja hawakunitazama. Sawa pia.

Tuliporudi, shangazi Guirong alikuwa jikoni ameshapasha mchuzi wa kabichi chachu. Shangazi ni dada yake baba, tumbo moja. Xuejun, shangazi hajawahi kumpenda, na hafichi. Tangu utotoni anamwita mlafi. Mimi, yeye ndiye aliyenilea mama alipokufa. Akanipa bakuli, akanifuta majivu nyuma ya sikio.

Xuejun akaingia bila kubisha. Akaketi mbele ya kabati.

"Umenidhalilisha mbele ya mtaa," akasema. "Lakini ahadi ni ahadi. Baba mkubwa alinipa magari yale."

"Alikupa lini? Ndotoni?"

"Alinipigia vuli iliyopita, akaniita hospitali alikolazwa. Akasema njoo univunjie chungu, magari yote yako."

Nikacheka, nikacheka mpaka kijiko kikaanguka. "Shangazi, unamsikia huyu? Mlafi wako huyu! Maiti haiwezi kumjibu ndiyo maana anasema."

Shangazi hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni, anajifuta mikono kwenye aproni, anajifuta tu, mikono imeshakauka zamani.

"Shangazi?"

"Nilikuwepo, Yaqin," akasema. "Nilikuwa nammenyea baba yako tufaha."

Nilimtazama. Huyu hajui kusema uongo, hata wa kumfurahisha mtoto.

"Alisema magari yote?"

"Yote."

"Na mimi?"

"Mwanangu, kula kwanza."

"Shangazi, na mimi alisema nini?"

Akakaa kwenye kiti. "Alisema usiguse chungu. Alisema ukigusa wewe, mtaa mzima utajua amekufa hana mtu."

Hana mtu. Nani alikuwa anamgeuza kitandani? Nani alikuwa anamkata kucha za miguu? Nani alikaa naye mbele ya hilo kabati kila jioni na taa ya mezani, anamwelezea rangi kwa sababu yeye haoni tena? Nilitaka kuuliza yote hayo kwa kelele mpaka majirani wasikie.

"Kwa nini hukuniambia?" nikasema.

"Nilidhani hutakigusa. Nani aliwahi kuona mwanamke anakigusa?" Alikuwa analia sasa. "Alisema na jambo jingine. Alisema Xuejun asifungashe mwenyewe, atavunja. Akuombe wewe."

Xuejun alikuwa ameinamisha kichwa. Kwa mara ya kwanza nilimwona ana haya, na haya zake ziliniuma kuliko maneno yake.

"Lete maboksi," nikamwambia.

"Dada, si lazima leo."

"Lete maboksi yako, Xuejun."

Nilivaa glavu. Nilifungasha moja moja, karatasi laini kwanza, kisha sponji, milango nimeifunga, antena nimeilaza, mapazia nimeyanyoosha kwa kibano. Yeye anashika boksi, mimi ninaweka. Nilipofika kwa lile la safu tatu akasema, "Hili baki nalo, dada. Kweli. Sitasema kwa mtu."

"Chukua. Ni la baba yako."

"La baba mkubwa," akanisahihisha, kwa upole.

"Sikukosea," nikasema, nikalitia kwenye boksi.