Turubai la Atuganile

“Hakuna wa kugusa,” alisema mzee Andongwisye, na mkono wa Meshaki uliokuwa umeshaelekea kwenye boksi ukarudi mfukoni.

Boksi lilikuwa mezani, limezungushiwa utepe wa gundi mwingi kuliko alivyolifunga yeye. Hilo peke yake lilimtosha. Kwa nini wafunge hivyo, kama hawakuchokonoa?

Meshaki, mwenyekiti wa mtaa pale Ibighi, alikuwa amemleta Doreen, binti wa ofisini kwake aliyeazima lori la mfano la mzee kwa maonyesho ya Siku ya Mashujaa. Wote wawili walibaki wima, maana mzee hakuwaambia wakae.

Akalitoa lori taratibu. Lilikuwa lori la jeshi: bati la madebe ya mafuta, tairi za soli za ndala, ekseli za spoku za baiskeli. Mfano wa lile alilopanda akiwa utingo, kijana mdogo, kwenda vitani Kagera. Hata madigadi ya kushoto aliibonyeza mwenyewe kwa nyundo, kwa sababu ile ya kweli ilibonyea. Unene wa kidole gumba chake ulisimama badala ya dhiraa nzima ya lori lenyewe. Ndicho kipimo chake, kwa magari yake yote.

Kisha akatungua ukutani ufito wa mwanzi. Kila gari aliloliunda lilikuwa na ufito wake, umechomwa alama kwa msumari wa moto: urefu wa bodi, upana wa kioo, nafasi kati ya tairi na tairi. Darasa la nne halikumpa mwandiko wa maana, lakini mwanzi haukumdai herufi.

“Unapima nini, mzee?” Meshaki alicheka. “Unadhani limekonda huko?”

“Vitu vikipita mikononi mwenu hukonda, gwe Meshaki. Nimeishi, nimeona.”

Bodi ilikuwa sawa. Tairi sawa. Akalinusa lori, akalitikisa karibu na sikio. Kila alichokikuta mahali pake kilimzidishia wasiwasi. Ndipo akafika kwenye turubai.

Lilikuwa limepauka. Kijani kile kizito kilikuwa kimegeuka rangi ya maji yaliyonawiwa mikono.

“Hili silo.”

“Ni lenyewe, baba,” alisema Doreen. “Hema la maonyesho lilivuja, turubai likaota ukungu. Nililifua mwenyewe, kwa mkono. Nilitaka likurudie safi.”

“Nani alikutuma ufue?”

“Hakuna.”

“Mmeuza alilolishona mke wangu, mkanishonea jingine.”

“Kitambaa cha kiganja kimoja, tata, mzee wangu?” Meshaki alisema. “Mnunuzi nani?”

“Yule yule aliyenunua dizeli ya gari la wagonjwa.”

Meshaki akatazama sakafu. Ibighi nzima ilijua jinsi Atuganile, mkewe, alivyofia mkekani miaka miwili iliyopita akisubiri gari lililosemekana halina mafuta, na wiki ile ile magari ya wakubwa yakapita barabarani yameongozana, taa zimewashwa mchana kweupe.

Turubai lilikuwa kazi yake ya mwisho. Alilishona vidole vimevimba, vidole vilivyozoea kuchuma chai ya watu. Kwenye ufito halikuwa na alama hata moja. “Langu je, huliandiki?” alimuuliza mumewe. “Nguo haipimwi,” Andongwisye alimjibu, na mama wa watu akaendelea kushona.

Lakini siku hiyo hiyo alijichoma sindano. Damu ikadondokea ukingoni, naye akaukunja upindo juu yake, akacheka: “Wanajeshi wako wasije wakaogopa bure.”

Andongwisye akachukua wembe.

“Baba, usi...”

“Upindo wa nyuma una damu yake. Isipokuwepo, mtanieleza.”

Akaupasua mshono wa nyuma. Ndani kitambaa kilikuwa safi.

“Haya! Si niliwaambia? Wezi ninyi!” Sauti yake ilikuwa na kitu kilichokaribia furaha.

Upindo wa kulia, safi. Doreen alikuwa analia sasa, bila sauti.

“Yatosha, mzee,” alisema Meshaki. “Kama ni malalamiko, twende ukalalamike.”

Hakumsikia. Wembe ulikuwa umeshaizoea njia. Wa kushoto, safi. Akaupasua wa mbele, na pale, upande wa dereva, palikuwa na doa la kahawia, dogo kama punje ya ulezi.

Mbele. Miaka yote miwili alikuwa akikumbuka nyuma.

Meshaki akavaa kofia yake, akatoka.

Mezani kilibaki kitambaa kisicho na umbo, na kando yake uzi. Haukuwa umenyooka. Ulibaki na mawimbi yake, kila wimbi pale sindano ya Atuganile ilipoingia na kutoka. Mengine yamebanana, mengine yako mbali, pale mkono ulipochoka ukapumzika.

“Baba, naweza kukusho...”

“Usiguse.” Lakini neno lilitoka bila nguvu.

Baridi ya Julai ikaingia na ukungu wake. Ncha ya uzi ikainuka. Mzee akaufunika haraka kwa kiganja.

“Funga mlango,” alisema. “Kuna upepo.”

Doreen alisimama kizingitini, asijue kama ameambiwa aufunge akiwa nje au ndani. Akaufunga, akabaki ndani. Mbele yake mzee alikuwa ameinamia meza, akikiinua kiganja kidogo kidogo, mawimbi ya uzi yasije yakanyooka.