Babu Si Mzazi

Katika maisha yake yote Nunzio Garofalo, fundi bomba mstaafu wa Kelham Beach, New Jersey, alikuwa ameandika kitu kimoja tu kikachapishwa, nacho kilikuwa kwenye kibao cha bati langoni mwa ufukwe: kuanzia saa kumi na moja jioni, mtu wa chini ya miaka kumi na minane haingii bila mzazi wake au mlezi aliyetambuliwa na mahakama. Sheria ilikuwa ya baraza la mji, ila hayo maneno ya mwisho, kuanzia "bila mzazi", yalikuwa yake. Kila alipopita hapo kichwa kilimvimba kidogo.

Sheria hiyo ilipitishwa mwezi wa pili, wakati wakazi hawana la kufanya ila kuwaogopa wageni wa kiangazi. Kwenye mkutano wa baraza, Nunzio alitumia dakika tatu ambazo kila mkazi hupewa kwenye kipaza sauti kuwasema watoto wa treni, wale wanaoshuka kutoka mjini na miziki yao. Karani akamuuliza kama babu naye ahesabiwe mzazi. "Babu si mzazi!" akanguruma. "Hawa watoto wataazima mzee yeyote njiani!" Ukumbi mzima ulicheka na kupiga makofi, akarudi nyumbani akitembea kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Mwezi wa saba mjukuu wake Tessa, miaka kumi na mitano, akaja kukaa wiki moja. Baba yake ni dereva wa malori na alikuwa safarini Ohio. Tangu Krismasi Nunzio alikuwa amemwahidi kwenye simu kwamba atamfundisha kusimama juu ya ubao wa mawimbi. Tessa akamleta na rafiki yake Yaritza, jirani yao kule Newark. Walishuka stesheni ya treni na begi moja la wawili.

Sasa, Kelham Beach mbao haziruhusiwi majini mpaka waogeleaji watoke, yaani saa kumi na moja. Nunzio aliijua kanuni hiyo kwa miaka arobaini. Haikumpitia akilini hata mara moja kwamba saa hiyo na saa ya kibao chake ni ileile.

Langoni alikaa Dolores, mwalimu mstaafu mwenye miaka sabini na mbili, akikagua beji za kuingilia ufukweni.

"Karibu Nunzio. Wasichana wabaki nje."

"Dolores mama, huyu ni Tessa. Damu yangu!"

"Namwona, pua ni yako, maskini. Mzazi wake yuko wapi?"

"Mimi ni babu yake!"

"Soma kibao."

"Nimekiandika mimi!"

"Ndiyo maana nashangaa hujakielewa." Dolores akarudi kwenye fumbo lake la maneno. Nyuma yao foleni ilikuwa imeanza kukohoa. Nunzio akageuka na ubao wake wa futi tisa, akamgonga bwana mmoja kichwani, akaomba radhi, akamgonga tena.

Siku tatu walikaa barazani wakitazama bahari kwa mbali. Nunzio aliwapikia tambi mpaka wakazichoka. Alhamisi kulikuwa na mkutano wa baraza, na Jumamosi wasichana walikuwa wanaondoka.

Akavaa tai. Wasichana wakakaa safu ya nyuma.

"Ndugu zangu," alianza kwenye kipaza sauti, "mnaona mbele yenu mzee aliyejenga ukuta akajifungia nje." Watu wakaangua kicheko. Akawasimulia habari za Dolores, akawasimulia na yule bwana wa kichwa, na kila alivyojishusha ndivyo walivyozidi kumpenda. Mwishowe akaomba jambo dogo: wajukuu wa wakazi waingie na babu au bibi. "Tessa si kama wale," alisema. "Huyu ni wetu."

Meya alikuwa akijifuta machozi ya kicheko. Akasema maandishi yatafuata, ila Dolores ataambiwa kesho awapishe wajukuu. Wakapiga kura na mikono yote ikainuka. Makofi yalikuwa makubwa kuliko ya mwezi wa pili.

Akatoka nje amejaa furaha. Tessa alikuwa amesimama peke yake kwenye ngazi. Yaritza alikuwa ng'ambo ya barabara, ameinamia simu yake.

"Kesho saa kumi na moja, malkia wangu! Umesikia?"

"Nimesikia. Na Yaritza?"

Nunzio akatazama ng'ambo ya barabara.

"Ana babu?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Anaye, yuko Ponce, kisiwani ng'ambo ya bahari. Wale uliosema mimi si kama wao, Babu, ni akina nani?"

"Wale… watoto wa treni."

"Na sisi tulikuja na usafiri gani?"

Alijua walikuja na treni. Aliwapokea mwenyewe stesheni, akalibeba lile begi na kulalamika mgongo. Aibu ikamshika, siyo ile ya ukumbini ambayo mtu anaichekea na kupigiwa makofi, bali aibu kavu isiyo na msikilizaji. Kumbe kujicheka mbele ya watu kulikuwa njia yake ya kupata anachotaka.

"Niliwasema ninyi," alisema. "Wewe na yeye. Sikuwa nawajua, nikawasema."

"Usiniambie mimi hapa nje," alisema Tessa. "Kule ndani ndiko ulikosemea."

Nunzio akarudi ndani na kushika kipaza sauti. Tayari watu walikuwa wameanza kutabasamu, wakingoja kichekesho kingine.

"Bwana Garofalo," alisema karani, "dakika zako tatu zimekwisha."

"Najua," alisema Nunzio. "Nilizitumia vibaya. Wale watoto wa treni niliowasema ni Tessa na rafiki yake." Akabaki amesimama palepale, na safari hii hakuna aliyecheka.