Maelezo Kumhusu Kobe

Walikuwa wamebaki wawili tu: Evodia, na mtu asiyemjua aliyejiita Kobe. Shindano la poka, mchezo wa karata, lilikuwa la bure, la kwenye simu, na mshindi angepewa kompyuta ya mpakato. Evodia aliitaka sana. Masomo yake ya jioni pale Chamwino yalikuwa yamefika kidato cha nne, na kusomea kwenye simu yenye kioo kilichopasuka kulimtoa machozi kila siku.

Mwanawe Abeli alikuwa amelala mgongoni kwake. Lameck, mumewe, alikaa kizingitini akipukuchua mahindi.

Kwenye mchezo huo, chini ya jina la kila mpinzani, una nafasi ya kuandika maelezo yako mwenyewe. Evodia aliyaandika kama muuguzi anavyojaza kadi ya kliniki: kilichoonekana, mara ngapi, basi. "Akikawia, ana karata nzuri. Mara nne." Hakuandika kwamba fulani ni mjinga. Ujinga haukuambii mtu atafanya nini kesho.

Kobe akaweka chipu zake zote, zile pointi za kuchezea. Kati ya karata tano za wote zilizolala mezani, nne zilikuwa kopa. Mwenye kopa moja tu mkononi angeshinda. Evodia alikuwa na tisa mbili, kopa hana. Akifuata, aweke zake naye, kisha akakosea, kwisha habari. Akikunja, aziache karata zake, angebakiwa na chipu chache za kubahatisha.

Akagusa jina la Kobe asome maelezo aliyoyaandika kwa wiki mbili. Yamefutwa. Badala yake pameandikwa: "MWIZI HUYU!!! MUNGU ANAMWONA."

"Baba Abeli! Simu yangu uliishika lini?"

"Jana, ulipokwenda kwaya. Nilicheza kidogo tu."

"Kobe alikuibia nini?"

"Mama Abeli, niache! Yule si mtu, yule..."

"Sikuulizi ni nani. Alifanya nini? Zimebaki sekunde ishirini."

"Aliweka zote. Nikakunja, nami nina malkia wawili! Kisha akafunua zake ili anicheke. Hana kitu! Mbili na sita!"

"Aliweka haraka, au alikawia?"

Lameck akasimamisha mkono juu ya gunzi. "Haraka. Hata mate sijameza."

Na leo pia hakukawia. Ushahidi wa mara moja, tena wa mtu mwenye hasira. Haukuwa mwingi, ila ndio uliokuwepo. Zikiwa zimebaki sekunde nne, Evodia akafuata.

Karata za Kobe zikafunuka. Kopa hakuna, jozi hakuna; tisa mbili zikatosha.

"Si niliandika ni mwizi!" Lameck akapiga kelele mpaka Abeli akaamka analia.

Evodia alikuwa bado anabonyeza, anaandika chini ya jina la Kobe: "Huweka zote haraka akiwa hana kitu. Mara mbili."

"Umeshashinda, unaandika nini tena?"

"Jumapili ijayo atakuwepo."

Simu ikauliza jina kamili la mshindi. Evodia alikuwa anamfungua mtoto mgongoni, mikono yote ina kazi. Lameck akajifuta vumbi la mahindi kwenye suruali, akachukua simu, akaandika kwa kidole kimoja, taratibu: Evodia Yotham Chilongani. Akamsogezea aone kabla hajatuma.