Sauti ya Gikunda

Mume wa Kathambi hakuwa mlevi. Hilo ndilo jambo la kwanza alilowaambia watu wa sinema walipofika kwake Nkubu, na ndilo walilolisahau mapema kuliko yote.

Kathambi alikuwa na karakana ya kufuma sweta za shule nyuma ya soko. Alikuwa pia ameandika kitabu kuhusu ndoa yake, kitabu chembamba tu, ambacho wanawake walipokezana hadi kikamfikia Sheila, mwongozaji wa filamu kutoka Embu, binti mwenye akili kali na haraka nyingi. Sheila alipoomba kukigeuza kiwe sinema, Kathambi alikubali kwa sharti moja, kwamba awepo wanapopiga picha.

Walikodi nyumba ya mbao juu kidogo ya mji, katikati ya migomba na kahawa. Zamu ya tukio la kipigo ilipofika, Gitobu, mwigizaji mpole mwenye mabega kama mlango, aliingia kwa kishindo. Akapepesuka, akatupa sufuria ukutani, akanguruma. Msichana aliyeigiza kama mke akajikunyata pembeni akilia. Wapiga picha wakatazamana kwa kuridhika.

"Huyu ni nani?" Kathambi akauliza.

Sheila akageuka. "Ni Gikunda, mama. Mumeo."

"Huyu simjui. Gikunda alikuwa mwalimu wa kwaya. Pombe hakuionja, na sauti hakuipandisha hata siku moja."

"Najua, nimesoma. Lakini hii ni sinema, mama. Mtu akinong'ona, watazamaji watajuaje kuna hatari?"

"Mimi nilijuaje?"

Sheila akawaashiria wapiga picha wasubiri.

Gikunda hakuvunja vyombo. Alikuwa akirudi nyumbani, anatundika koti msumarini, anafunga madirisha moja baada ya jingine, kisha anakunja mikono ya shati kwa utaratibu, kama mtu anayejiandaa kunawa. Baadaye ndipo anauliza swali. Majirani walikuwa wakisema boma lile lina amani mpaka raha. Kathambi alipowaendea wazee wa kanisa akiwa na mkono uliovimba, mmoja aliuliza, "Gikunda huyu huyu wa kwaya?" na wengine wakatazama chini. Wakamrudisha kwake na maombi. Alirudishwa namna hiyo zaidi ya mara moja, mpaka asubuhi moja ya siku ya soko alipombeba binti yake mgongoni, akatoka kwa mlango wa mbele watu wakimwona, na asirudi tena. Kesi ilisikizwa, Gikunda akafungwa, akatoka. Sasa alikuwa akiishi upande wa Mikinduri, na wala Kathambi hakuulizia habari zake.

"Gitobu," Kathambi alisema, "hebu keti hapo penye kigoda. Wewe uwe mimi."

Gitobu akacheka kidogo, akaketi. Kathambi akatoka nje. Alipoingia tena aliingia bila haraka, akatundika kitenge chake msumarini. Akaenda dirishani, akalivuta. Akaenda kwa la pili. Akaanza kukunja mikono ya blauzi, kwanza wa kulia, halafu wa kushoto, macho yake yakiwa kwenye vidole vyake.

"Leo ulisimama na nani pale sokoni?" aliuliza. Sauti ilikuwa laini, karibu ya huruma.

Gitobu akajikohoza. "Na... na mama wa mboga."

"Mama wa mboga."

"Ndiyo."

"Nimekuuliza vizuri, sivyo? Nimekupigia kelele?"

"Hapana."

"Basi kwa nini unanidanganya?"

Lile jitu la mtu likatazama sakafu. Mikono yake iliingia katikati ya magoti. Kijana wa taa alikuwa ameshika waya kifuani kama anayejikinga.

"Hapo ndipo mkono unakuja," Kathambi alisema kwa sauti yake mwenyewe. "Huo hata msipouonyesha ni sawa."

Akafungua madirisha. Alikuwa amejiandaa kutetemeka, na hata asubuhi ile alikuwa amemwambia binti yake asishangae akirudi na homa. Hakutetemeka. Kwa miaka yote ya ndoa aliiona sauti ile kama nguvu fulani aliyozaliwa nayo Gikunda, kama mwingine anavyozaliwa na mkono wa shoto. Kumbe ilikuwa ni ufundi tu. Hata mfumaji wa sweta angeweza kuufanya mchana kweupe, kisha akaomba chai.

Aliomba chai.

Sheila alimletea kikombe mwenyewe, akachuchumaa kando yake. "Mama, nimelibomoa hilo tukio lote. Tutalipiga upya jinsi ulivyofanya. Utamfundisha Gitobu?"

"Nitamfundisha. Lakini mpeni chakula kwanza. Ona alivyonywea."

Filamu ilipokamilika ilionyeshwa Embu, Jumamosi alasiri, katika ukumbi uliojaa mpaka watu wakasimama kando ya kuta. Ilipofika pale Gitobu anapofunga dirisha la pili, waliosimama kando ya kuta waliacha kusukumana. Mwishoni Kathambi na Sheila walipanda jukwaani, na watu wakaalikwa kuuliza maswali. Mzee mmoja, Njuki, akasimama akasema kwamba sinema ni nzuri, ila huyo mume hakuonekana mbaya sana, maana hata kupayuka hakupayuka. Wachache wakacheka.

Mwanamke kijana katika safu za katikati akainua mkono. Alijitaja kwa jina la Ruguru, kutoka kule chini Mbeere. Alikuwa amempakata mtoto aliyelala.

"Wangu pia hapayuki," alisema. "Nilidhani kwa sababu hapayuki, basi si kitu. Nilidhani ni mimi tu sina akili."

Mzee Njuki akaketi polepole.

Kathambi hakungoja kupewa kipaza sauti. Alishuka jukwaani, akapita kati ya viti mpaka akamfikia, akaketi kwenye kiti cha kando, ambacho aliyekikalia alikiacha haraka.

"Akili unazo," alimwambia. "Yuko wapi sasa?"

"Nyumbani. Ananingojea."

"Na mama yako yuko?"

"Yuko Siakago."

"Tutakupeleka kwake leo. Jumatatu nitarudi twende polisi pamoja, mimi najua la kusema na la kutosema. Unataka hivyo?"

Ruguru alimtazama mtoto, akamfunika vizuri na shuka. "Nataka," alisema.

Sheila alitoa gari la filamu. Walimpeleka, na mama yake akawapokea mlangoni bila kuuliza swali hata moja, akachukua mtoto kwanza. Jumatatu Kathambi alifunga karakana, akapanda matatu akaenda Siakago kama alivyoahidi. Alipofika alimkuta Ruguru ameshavaa, amefunga kilemba, anamngojea barabarani.