Mzee Anayekufa Mapema

Saliha, binti wa marehemu dada yangu, aliponiambia anatafuta watu wa kutia sauti kwenye mchezo wa kompyuta anaoutengeneza, sikumwacha amalize. Nilimwambia ameshapata. Mimi Moubarak nimeongoza harusi za mtaa wetu wa Buyenzi tangu wazazi wa maharusi wa leo walipokuwa maharusi wenyewe, na hakuna ukumbi mjini ambao sauti yangu haijatikisa mabati yake. Kabla ya magharibi nilikuwa nimemtangazia fundi cherehani, muuza sambusa na nusu ya watu waliotoka msikitini kwamba nimepewa nafasi ya shujaa. Hakuna aliyekuwa amenipa nafasi yoyote.

Chumba chake cha kazi kiko mtaa wa Musaga, nyuma ya duka la rangi. Yeye na wenzake wamesimamisha magodoro ukutani ili kelele za barabara zisiingie. Saliha alinikalisha mbele ya mikro, kile kipaza sauti cha kurekodia, akanieleza kwamba katika mchezo wa aina hii, anayecheza huwa mtu ndani ya hadithi: anatembea, anapigana, anaongea na watu, na kila anapoendelea anazidi kupata nguvu. Alisema wachezaji wana watu wao waliowazoea, wasipowakuta wanalalamika. Lazima awepo kijana yatima asiyejua kwamba amezaliwa kwa jambo kubwa. Awepo mwizi mwenye roho nzuri, na mwenye duka anayesimama palepale akirudia neno lilelile hata mji ukiwaka moto. Nilisikiliza kwa adabu, nikingoja afike kwangu.

Shujaa alikuwa ameshapewa mwanafunzi mmoja aitwaye Léonce, kijana mwembamba mwenye sauti ya mtu anayeomba radhi. Mimi nilikuwa Mzee Mwalimu. Nikasoma karatasi yangu. Mwalimu anamlea kijana, anamfundisha kushika upanga, anampa wosia mlangoni, kisha anauawa. Niligeuza karatasi nitafute ukurasa wa pili, anapofufuka. Hakukuwa na ukurasa wa pili.

Nilimuuliza Saliha huyu mzee amekosa nini. Akasema hajakosa kitu, ila katika michezo hii mwalimu hufa mapema, ndivyo watu wanavyotarajia. Nikapendekeza aumie tu, mguu kwa mfano, aendelee kutoa ushauri akiwa kitandani. Nikajitolea hata kusafiri na kijana, nyuma nyuma, bila kumsumbua mtu.

"Apana, tonton," akasema, maana mjomba wake huniita hivyo kwa Kifaransa. "Huyu muzee akibaki, kijana hatatoka nyumbani."

Mtu mwenye akili angeshtuka hapo. Nyumbani kwangu yumo Ilyasi, mwanangu, aliyeanza kuota mvi kidevuni. Kila harusi yeye hubeba spika, huunganisha umeme, hujaribu mikro kwa kusema "moja, mbili", kisha hunikabidhi. Hayo ndiyo maneno pekee aliyowahi kuyasema mbele ya watu. Waliouliza niliwaambia bado anajifunza. Lakini siku ile sikumkumbuka Ilyasi hata kidogo. Nilikuwa nashughulika na kifo changu.

Niliamua kwamba kama kufa ni lazima, basi nife vizuri. Karatasi ilisema tu kwamba mwalimu anakata roho. Mimi nilikohoa, nikawaita mababu kwa majina, nikamlaani adui na kizazi chake, nikanyamaza, kisha nikazinduka kuongeza nasaha niliyokuwa nimeisahau. Saliha alinisimamisha. Akasema mchezaji atakuwa amesimama pale na upanga wake, anangoja. Halafu, kwa upole, akanifahamisha kwamba kipo kitufe ambacho mchezaji akichoka anakibonyeza, na maneno yote yanarukwa.

Nilimwomba akiondoe. Akakataa. Basi nikaona dawa ni kufa kwa sauti kubwa kiasi kwamba hakuna atakayethubutu kukibonyeza. Nilikufa mchana kutwa. Ilipofika alasiri sauti yangu ilikuwa kama bawaba ya mlango wa zamani, na Saliha akasema amepata ya kutosha, tena zaidi ya kutosha.

Asubuhi yake niliamka bila sauti, na siku hiyo tulikuwa na harusi Kajaga. Mke wangu Fadhila alinichemshia tangawizi, akaniwekea asali, kisha nikamsikia uani akimwambia jirani kwamba nyumba yake imeingiwa na baraka. Nilimwandikia Ilyasi kwenye simu amtafute mwongozaji mwingine. Alisoma, akaendelea kufunga spika kwenye gari.

"Mi nitasema, baba," akajibu.

Njia nzima nilikuwa nikimtumia ujumbe: majina ya ukoo, mizaha yangu, mahali pa kunyamaza ili watu wacheke. Tulipofika aliizima simu.

Nilikaa meza ya nyuma, nikaandaa uso wa kumhurumia. Ilyasi akasalimia, akawakaribisha wakwe, akatoa mzaha mmoja ambao haukuwa wangu, watu wakacheka. Kisha akasema chakula kiko tayari, akanyamaza. Nilidhani amesahau kinachofuata. Kumbe alikuwa amewaacha watu wapate kula. Pilau ikaletwa, inafuka moshi. Katika miaka yangu yote ya harusi sikuwahi kula pilau ya moto. Yangu hupoa ikinisubiri nimalize.

Mama mmoja wa upande wa bwana harusi, aliyekaa pembeni yangu, alimsifu mwongozaji kwamba anajua kukoma. Akanisimulia harusi ya dadake, iliyoongozwa na mzee mmoja ambaye alisema mpaka watoto wakalala chini ya meza, na bibi harusi naye akaanza kusinzia. Niliikumbuka harusi ile. Nilikuwa na hakika kwamba bibi harusi alikuwa akilia kwa furaha. Akaniuliza kama namfahamu kijana huyu. Nikaandika kwenye simu: *Mwanangu*. Akafurahi sana, akataka kujua mwenyewe nafanya kazi gani. Nilionyesha koo, nikatikisa kichwa kwa masikitiko, nikaongeza pilau.

Baadaye Ilyasi akaja na sahani yake, akaketi. Jasho lilikuwa limemlowesha mgongo wote. Nilitamani kumwambia amefanya vizuri, lakini mdomo umezoea njia zake. Kwa ile sauti ndogo iliyobaki nikamnong'oneza kwamba hakumtaja shangazi wa bibi harusi, na huyo hutajwa daima.

"Aliniomba nisimutaje, baba," akasema. "Niliwauliza wote mbele ya kuanza."

Sikuwahi kumuuliza mtu yeyote anachotaka kwenye harusi yake. Nikamsogezea kachumbari, maana nyama ya upande wangu nilikuwa nimeimaliza yote.