Vitufe Vimependezeshwa

Ofisini walimwita Mama Viraka, maana kazi yake ilikuwa kuziba matundu kwenye programu ya kuchezea video ambayo kampuni ilijigamba kwamba imo kwenye kompyuta za nusu ya mji. Jumatatu asubuhi aligundua tundu la kutia kichefuchefu. Mtu yeyote angeweza kukutumia video iliyochakachuliwa, na ukiifungua tu, keshaingia kwenye mashine yako na kufanya apendavyo. Mama Viraka akamfikiria dada yake, mpiga video za harusi, ambaye kutwa nzima anafungua faili za wateja kwa programu hiyohiyo.

Kabla ya saa sita kiraka kilikuwa tayari. Mistari kumi na moja, basi. Kilichobaki ni tangazo la kuwaambia watu wasasishe, na hapo ndipo Meneja alipoitisha kikao. Meneja huyu programu hakuzijua hata kidogo, lakini kwa kupamba maneno hakuwa na mpinzani.

"Tundu la hatari limezibwa, sasisha leo," akasoma, akakunja uso. "Mteja akisikia tundu, si atauliza nani kalitoboa?"

"Tumelitoboa sisi, bosi."

"Ndiyo maana hatulisemi."

Saa mbili nzima walizozana juu ya maneno sita. "Hatari" lilifukuzwa kwanza, "tundu" likafuata, na "leo" likaonekana lina pupa. Likabaki hili: "Vitufe vimependezeshwa. Sasisha ukipata nafasi."

Mama Viraka alijua ni upuuzi mtupu. Alijua pia kwamba mwezi uliopita watu watatu wa idara yake walipunguzwa kazi, na wote watatu walikuwa wabishi. Akaliandika kwa mikono yake mwenyewe, akalituma. Kumpigia dada simu hakuthubutu, kwa sababu alikwisha kusaini karatasi ya kufunga mdomo. Dada ni mtu makini, alijipa moyo, atasasisha tu.

Ijumaa dada akapiga mwenyewe, sauti imemkauka.

"Mdogo wangu, kuna mtu kaingia kwenye kompyuta yangu. Harusi nne zimefutwa, na nakala zake zote. Mmoja wa maharusi kamzika baba yake juzi. Nikamwambie nini?"

"Dada, hukuona tangazo la kusasisha?"

"Nililiona, nikalisoma neno kwa neno kwa vile linatoka kwenu. Linasema vitufe vimependezeshwa. Mimi na kazi zote hizi, vitufe vizuri nivipeleke wapi?"

Upande wa pili wa chumba Meneja alikuwa akipita meza kwa meza na kuwapongeza watu, kwamba wiki nzima hakuna mteja hata mmoja aliyeingiwa na wasiwasi.

"Hivi aliyeandika upuuzi ule ni nani?" dada akauliza.

"Ni mimi, dada."